Wifi Teng na Chungu cha Majani ya Ginko

Nieleweke mapema: mimi si adui wa jani la ginko, mti wetu wa dawa. Jani hilo ndilo lililonijengea nyumba ya ghorofa, likanisomeshea watoto, likaninunulia guta la betri, la magurudumu matatu, ninalobebea magunia. Nilianza na baiskeli mbovu na mizani ya kuning'iniza mkononi, nikipita nyumba hadi nyumba nikinunua majani makavu na kuyapeleka viwandani, na hakuna aliyenionyesha njia. Kwa hiyo nikisema kwamba jani hilo nusura liniulie wifi yangu, Teng Guizhi, asinijie mtu kuniambia sijui ninachosema. Na kwa haki kabisa, jani halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la watu, tena watu wenye midomo ya asali, na kila nikiwakumbuka natamani kurusha kitu.

Teng aliolewa hapa kijijini Gezhuang na kaka yangu wa ukoo, marehemu Ge Zhaolin, wakati shamba letu la kando ya mto lilikuwa mchanga mtupu, ngano inaota kwa kuona haya. Wale wawili walikuwa wa kwanza kung'oa ngano na kupanda ginko. Watu waliwacheka. Zhaolin alikufa kabla hajafaidi, Teng akabaki na miti na mtoto wa kiume, Hongbo, na akaifanya ile miti kuwa ada za shule, mahari na bati la paa.

Ni mfupi, ana mabega ya mwanamume, na katika watu wote niliowahi kununua kwao, yeye peke yake ndiye aliyewahi kunishinda kwenye mizani. Kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado ya kijani kibichi, watu huyachuma na kuyaanika barabarani. Jani la kijani ndilo linalotakiwa kiwandani. Likishageuka njano ni la watu wa mjini wanaokuja kupiga picha, dawa yake imeshapungua na mimi silinunui. Haya kila mtu wa hapa anayajua. Teng alikuwa anajua na mengine. Alikuwa akinyunyizia maji katikati ya gunia ili liwe zito, nami nilikuwa nikizamisha mkono wote mpaka kwapani.

"Unatafuta yai humo?" huniuliza.

"Natafuta maji, wifi."

"Maji yako bombani. Kiu imekuzidi?"

"Nikipata unyevu nakata bei."

"Kata. Na mimi nitamwambia kila mtu kwamba jasho la kwapa lako ndilo lililolowesha mzigo wangu."

Huyo ndiye Teng. Tulikuwa tukitukanana asubuhi nzima, kisha ananikunjia chapati nyembamba yenye soya za chumvi na pilipili, tunakula tumeketi juu ya magunia.

Mwaka juzi, akiwa anakula hivyo hivyo, chapati ikamdondoka. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Jirani alimkimbiza hospitali ya wilaya, na Mungu bariki, waliwahi. Moyo wake, walisema, unadunda ovyo, damu inatuama humo na kuganda, na donge moja lilikuwa limepanda kichwani. Mdomo ulirudi mahali pake. Mkono wa kushoto ukabaki mzito kidogo. Akapewa kidonge cha kuzuia damu isigande, ameze kila siku maisha yake yote, na kila mara arudi kupimwa damu, maana kidonge hicho kikipungua damu inaganda, kikizidi mtu anavuja.

Hapo ndipo Hongbo alipoanza wimbo wake. Hongbo anafanya kazi mjini Suzhou, anakaa juu kabisa kwenye jengo la kupanda kwa lifti. Akasema mama yake ahamie huko. Teng alikuwa ameshakaa kule mwezi mmoja mjukuu alipozaliwa, akarudi amekonda.

"Nilikuwa kama kuku kwenye tenga," aliniambia. "Nachungulia tu. Hata mtu wa kugombana naye hakuna. Mkwe wangu ukimwambia neno anasema samahani."

Wakakubaliana hivi, mama na mwana: Teng atabaki kwake alimradi kichwa chake ni kizima. Siku atakayosahau jiko linawaka, au kupotea njia ya shambani, Hongbo atakuja kumchukua na nyumba itafungwa. Tangu siku hiyo Teng hakuogopa kufa. Aliogopa kusahau. Akisahau jina la mbwa wa jirani, anarudia majina ya mbwa wote wa kijiji mchana kutwa. Akitafuta miwani iliyo kichwani mwake, jambo ambalo hata mimi hulifanya, ananiuliza kama ndiyo imeanza.

Sasa mtu akiwa na hofu ya namna hiyo, wezi huinusa toka mbali.

Walikuja baada ya mwaka mpya, vijana wanne, wakapanga ghala la zamani la ushirika. Mkubwa wao alijiita Mwalimu Pang. Alikuwa na nywele zilizolala vizuri na viatu visivyojua matope. Ukiingia kumsikiliza unatoka na mayai. Ukirudi kesho unapata sabuni. Kila bibi kwake ni "mama", kila babu ni "baba", na vijana wake walikuwa wanawakata wazee kucha za miguu! Nilipoambiwa sikuamini. Nikaenda kuona, nikakuta kijana amepiga magoti mbele ya bibi Zhuang, ambaye watoto wake mwenyewe hawajaonekana tangu mazishi ya baba yao, amekamata kisigino chake kama mtu anayeshika kombe la dhahabu.

Biashara yenyewe ilikuwa vidonge vya ginko. Ndiyo, ginko. Ndani ya kasha jekundu lenye utepe. Watu waliozeeka wakichuma majani hayo walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakiuziwa majani hayo.

"Damu ya mzee ni kama mfereji," Pang alikuwa akisema. "Taka zikijaa, maji hayafiki juu. Juu ni wapi, mama zangu? Ni kichwani! Ginko inasafisha mfereji. Kichwa kinarudi kuwa cha msichana."

Teng alikuwa mstari wa mbele, ananyonya kila neno.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, swali. Majani yenu mmechuma wapi, na mwezi gani?"

Alitabasamu. "Swali zuri, mama. Ni majani ya miti ya miaka elfu, milimani. Hatuchumi. Tunangoja yawe dhahabu, yaanguke yenyewe, ndipo tunaokota. Hapo nguvu zote zimeshakomaa."

Nilicheka mpaka nikashika kiti. "Mmesikia? Anawauzia jani la njano! Wifi Teng, wewe ungeniletea mimi jani la njano ningekufanya nini?"

Nilitegemea wacheke na mimi. Ghala zima liligeuka na kunitazama kama nimepiga chafya ndani ya sufuria ya supu.

"Kaa chini, Ge," akasema bibi Zhuang. "Unaogopa tu watu watajua bei ya kweli ya majani."

"Huo ni wivu," mzee mmoja akaongeza. "Miaka yote anatununulia kwa bei ya takataka, leo katokea mtu anayejua thamani yake."

"Na wewe ulishawahi kunipa hata yai moja?" Teng akauliza.

Pang akawatuliza kwa mikono miwili. "Msimkasirikie, mama zangu. Naye ni mama yetu. Mpeni mayai."

Wakanipa mayai. Niliyachukua, sikatai kitu cha bure, lakini nilitoka masikio yakiwaka moto. Na lililonichoma si mayai wala matusi. Ni kwamba yule kijana hakuuliza hata mmoja wao, wewe una ugonjwa gani, unameza nini? Alikuwa anagawa vidonge kama pipi za arusi kwa watu wenye mioyo mibovu na mishipa iliyokwisha kupasuka mara moja. Kucha aliuliza. Kama kucha zinauma, aliuliza.

Teng akanunua kasha. Likaisha, akanunua jingine. Hongbo akaja kujua, kwa sababu mke wake ndiye anayemtumia mama fedha kwa simu na anaona zinavyotoka. Nilikuwepo alipopiga. Teng aliweka simu juu ya meza, sauti wazi, maana mkono wa kushoto hauishiki vizuri.

"Mama, unanunua ginko? Wewe? Nyumba yako imezungukwa na ginko!"

"Hiyo imetengenezwa."

"Imetengenezwa na nini? Ni majani! Chemsha yako ya bure unywe, kama ni lazima unywe. Mtu wa Gezhuang kununua ginko dukani, watu wakisikia watatucheka."

Basi. Akakata simu akarudi kwenye kazi yake. Kilichomuuma ni fedha na kuchekwa. Wala hakuuliza, "Mama, kidonge cha hospitali unameza?" Na mama mwenyewe akaona mwanawe kasema la maana. Kweli bwana, kwa nini kununua?

Mimi nilimwambia, "Wifi, yale majani kiwandani hayachemshwi tu. Yanaoshwa na kuchujwa kwa madawa, kuna uchungu unatolewa humo ndani, ukibaki unaumiza tumbo na ngozi. Usinywe jani bichi."

"Unaniogopesha nikuuzie yote."

"Nakuogopesha usife."

"Mababu zako hawakuchemsha?"

"Mababu walikula kokwa zilizokaangwa, tena chache, maana walijua ukizidisha zinakutia kifafa. Majani walikuwa wanasukumia mbuzi, na mbuzi walikuwa wanakataa."

"Mbuzi hana kichwa cha kupoteza," akasema, na hapo mjadala ukaisha kwa upande wake. Mimi nikadhani amenisikia, kama ninavyodhani kila mara watu wakinyamaza.

Msimu wa kuchuma ulipofika nilikwenda kwake na guta. Magunia yalikuwa yamepangwa mlangoni. Nikazamisha mkono: makavu. Gunia la pili: makavu. Nikataja bei, bei mbaya makusudi, ile ya kuanzia ugomvi.

"Haya," akasema Teng.

"Haya nini?"

"Haya, chukua."

Teng hakubali bei ya kwanza. Nikamtazama vizuri. Alikuwa ameegemea kizingiti, rangi imemtoka, na mikono yake, kuanzia kiwiko hadi vidoleni, ilikuwa na madoa ya zambarau kama mtu aliyepigwa. Nikamuuliza nani kampiga.

"Nani wa kunipiga? Nikigusa meza tu inaweka alama."

"Fungua mdomo."

"Mimi ng'ombe wa mnadani?"

"Fungua!"

Fizi zilikuwa zinachuruzika damu. Jikoni kulikuwa na chapati iliyoumwa mara moja tu, na pale alipouma palikuwa pekundu, na haikuwa pilipili. Juu ya jiko, chungu. Nikafunua. Majani ya ginko, mazito kama mboga, maji yamekuwa meusi.

"Unakunywa hii?"

"Asubuhi na jioni."

"Na vidonge vya Pang?"

"Vilivyobaki. Vya kutupa?"

"Na kidonge cha hospitali?"

Akakunja uso kama nimemtukana. "Kila siku! Mimi si mtu wa kuruka dawa. Nataka kichwa changu."

Anataka kichwa chake! Alikuwa akiiyeyusha damu yake kwa njia tatu kwa wakati mmoja ili asipoteze kichwa, na kichwani ndiko damu ingeweza kupasukia. Niliumwaga ule uchafu uani, nikashusha magunia ya wengine kutoka kwenye guta, nikampandisha yeye. Alinitukana njia nzima. Kwamba nimemmwagia chungu chake. Kwamba namwendesha kama nguruwe. Kwamba Hongbo akisikia amelazwa atasema kichwa kimekwisha. Nilipopita kwenye tuta alisema, "Polepole, muuaji," na nikapunguza mwendo, maana ndicho kitu pekee cha akili alichosema.

Hospitali tulimkuta Daktari Shu, binti mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Akatazama mikono, akatazama fizi, akafungua kumbukumbu zake kwenye kompyuta.

"Bibi, mbali na kidonge hiki, unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hapana," akasema Teng, bila kupepesa.

"Ya kienyeji?"

"Hapana."

Nilidhani anadanganya. Nikamgeukia nimtie aibu, nikaona uso wake, na nikaelewa kwamba hadanganyi hata kidogo. Kwake yeye dawa ni kitu chenye jina na karatasi ndani. Ginko ni zao. Ukimuuliza mkulima wa ngano kama anatumia dawa, atakutajia mkate? Na mara ya mwisho alipokuja kupimwa, daktari aliuliza vile vile, naye akajibu vile vile, na damu ilipoonekana nyepesi kidogo wakapunguza tu kidonge na kumrudisha nyumbani.

"Anachemsha majani ya ginko," nikasema. "Kila siku, chungu kizima. Na vidonge vya ginko juu yake."

Daktari Shu aliacha kuandika. "Bibi! Mbona husemi?"

"Hukuuliza majani," Teng akasema.

Wakamchukua damu, wakamkimbiza kwenye mashine ya kupiga picha kichwa. Mimi nikabaki na daktari kwenye ujia, nikashindwa kunyamaza.

"Daktari, wewe unafanya kazi wilaya gani?"

"Unamaanisha nini, mama?"

"Ukitoka hapo nje, barabara nzima ni ginko. Watu wanalala juu ya majani, wanayatia kwenye mito ya kulalia. Hapa humuulizi mtu kama anatumia dawa ya kienyeji. Unamuuliza: unakunywa majani?"

Nilitegemea anifukuze. Alikaa kwenye benchi. "Kwetu ni Gansu, mbali na hapa," akasema. "Hakuna miti hii. Sikujua kama watu wanaihesabu kama mboga."

Nikamuuliza kama jani lenyewe linafaa, maana na mimi nina haki ya kujua ninachouza. Akaniambia waziwazi: lililosafishwa kiwandani na kupimwa, madaktari wengine huwapa wagonjwa wa mzunguko wa damu na wa kusahau, na wapo wanaopata nafuu kidogo, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba linamzuia mtu kupoteza kumbukumbu. Kwa mtu anayemeza kidonge kama cha Teng, linaweza kumvujisha damu. Bichi la kuchemsha asilinywe mtu yeyote. Maneno machache, hakuna yai wala sabuni, na mtu yeyote angeyaelewa. Ila hakuna aliyewahi kuja kuyasema pale ghalani.

Hongbo alifika kesho yake kwa treni, amevaa koti la ofisi. Hakunisalimu.

"Shangazi, hii biashara yenu ya majani ndiyo imewatia watu wazimu huku."

Nilisimama. "Nani alimwambia achemshe?"

"Nini?"

"Nani alisema, mtu wa Gezhuang ananunuaje ginko, chemsha yako ya bure? Simu ilikuwa mezani, Hongbo. Nilikuwa natafuna chapati pembeni yake."

Akawa mwekundu mpaka shingoni. Na unajua Teng alifanya nini? Kutoka kitandani, sindano mkononi, akasema, "Hakusema hivyo. Nilichemsha kwa akili yangu mwenyewe." Akamfunika! Nilitamani kumng'oa ile sindano. Miaka yote ananibana mimi kwa kiganja cha majani, kisha anamsamehe huyu deni lote kwa pumzi moja.

Hongbo akapata nguvu. "Basi na iwe kama tulivyokubaliana. Mtu mwenye akili timamu hawezi kunywa chungu kizima. Tunaenda Suzhou."

Teng alimngoja Daktari Shu apite, akamwita kwa sauti ile ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya shamba.

"Daktari! Picha ya kichwa changu inasemaje? Sema mbele ya huyu."

"Haijavuja damu, bibi. Kovu la zamani lipo, jipya hakuna. Umeponea padogo sana."

"Nina wazimu?"

"Hapana. Ulikosa habari."

"Nikimeza kidonge kimoja tu, nikaja kupimwa, naweza kuishi wapi?"

"Popote palipo na mtu wa kukutazama."

Teng akamgeukia mwanawe. "Umesikia popote?"

"Nimesikia na mtu wa kukutazama," akasema Hongbo.

Wote wawili wakanigeukia mimi. Nikasema hiyo si kazi yangu, nina ghala, nina viwanda vinanisubiri. Hongbo akaanza kusema atanilipa, nikamwambia akithubutu kutaja malipo nitampiga kibao mbele ya wauguzi. Nilimpa masharti mengine: atapiga simu kila jioni, na neno la kwanza litakuwa kuhusu kidonge na wala si fedha. Teng naye nikampa lake: chungu kile sitakiona tena jikoni.

"Kwani umekimwaga ukakiacha kizima?" akauliza.

"Nilimwaga majani tu."

"Ungekivunja, mpumbavu wewe, kimenuka uchungu."

Sasa kila asubuhi napitia kwake, ananywa uji, anameza mbele yangu, anafungua mdomo kunionyesha kama ng'ombe wa mnadani. Hongbo anapiga. Siku nyingine anasahau, nampigia mimi, na hasahau siku inayofuata.

Pang alikuwa bado anakata kucha. Teng alipopata nguvu alikwenda ghalani, akakaa mstari wa mbele, akapokea mayai yake. Pang alipofika kwenye habari za mfereji, Teng akasimama, akakunja mikono ya koti, akawaonyesha wenzake yale madoa, yalikuwa yamegeuka njano na kijani.

"Bibi Zhuang, wewe una kidonge cha damu kama changu. Na wewe, mzee Shi. Daktari akikuuliza kama unatumia dawa, mtaje huyu. Mtaje na majani ya uani kwako."

"Mama yangu, kaa tuzungumze baadaye," Pang akasema.

"Kama mimi ni mama yako, taja kidonge ninachomeza."

Pang hakujua. Alitazama vijana wake, nao hawakujua. Bibi Zhuang akavuta mguu wake kutoka mikononi mwa yule kijana, akavaa soksi.

Siku iliyofuata Teng akarudi, akasema yale yale, na nyingine tena, hata waliokuwa bado wanampenda Pang wakaanza kuleta vidonge vyao vya hospitali mifukoni na kumuuliza kipi kinapatana na kipi. Asubuhi moja yeye na vijana wake wakafungasha makasha. Ghala likabaki na viti.

Hakuna aliyemkamata. Nilitoa taarifa, nikaambiwa kugawa mayai si kosa. Mnunuzi mwenzangu ameniambia Pang yuko tarafa ya ng'ambo ya mto, kwenye jumba la arusi, na wazee wanapanga foleni kabla hakujapambazuka. Nimemwambia Teng. Alikuwa ameshavaa viatu kabla sijamaliza, ananiuliza kama betri ya guta imejaa.